Omubirizi na Kisukari: Kwa Nini Panya Hutangulia

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yako maradhi yasiyopiga kelele kama malaria. Kisukari ni mojawapo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na kila kundi lilikuja na maarifa yake ya mitishamba. Lakini uko mti ambao haukuhitaji kubebwa. Wanyankole wenyeji huuita omubirizi, Wanyarwanda huuita umubirizi, na wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Majani yake ni machungu kupita kiasi. Akina mama huyachemsha kwa homa, kwa minyoo, na hata kwa kisukari.

Je, yanateremsha sukari kweli? Swali hilo hawezi kulijibu jirani aliyepata nafuu, kwani aghalabu jirani huyo alikuwa akimeza na vidonge vya hospitali, au alikuwa ameacha soda. Hujibiwa kwa kupima, na upimaji huanza kwa wanyama.

Mjini Mbarara kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kituo cha utafiti wa dawa za asili. Huko ndiko Profesa Patrick Ogwang alikotengeneza Covidex, ambayo Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliiruhusu mwezi Juni 2021 kama dawa ya kusaidia matibabu, si ya kuponya korona. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo kazi yote ya maabara.

Kazi huenda hivi. Majani huchumwa, na mjuzi wa mimea huthibitisha kwanza kwamba mti ndio wenyewe. Huanikwa kivulini, hutwangwa, hulowekwa katika maji au spiriti na kuchujwa, kisha maji yake hukaushwa mpaka ubaki unga. Unga huo waweza kupimwa kwa miligramu. Konzi ya majani haiwezi.

Ndipo panya weupe hudungwa aloksani, kemikali ambayo madaktari wa Glasgow walionyesha mwaka 1943 kwamba huharibu chembe za kongosho zinazotoa insulini. Baada ya siku chache panya hao wana kisukari. Wengine hupewa maji matupu, wengine glibenklamidi, dawa iliyokwisha julikana, na wengine dawa ya majani kwa vipimo mbalimbali. Tone la damu hutolewa mkiani, kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Kuwapa wagonjwa maji matupu huonekana kama ukatili, na pengine ni ukatili. Lakini pasipo kundi hilo hakuna ajuaye kama sukari ilishuka kwa dawa au ilishuka yenyewe. Mwishowe ini na figo huchunguzwa, maana dawa iteremshayo sukari na kuua figo si dawa.

Katika nchi kadhaa, Nigeria ikiwamo, majani haya yameteremsha sukari ya panya. Ni habari njema, ila haijafika jikoni. Panya aliyeharibiwa kongosho si sawa na mtu wa miaka 50 ambaye kongosho lake lingali likitoa insulini, bali mwili hauitumii ipasavyo. Tena kuna hesabu ya vipimo. Miligramu 400 kwa kila kilo ya panya, zikigawanywa kwa 6.2 kama wafanyavyo wataalamu, ni kama 65 kwa kila kilo ya mtu. Askari wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4 za unga uliokwisha kamuliwa. Hakuna birika lijualo kupima hivyo.

Wala mimea haidharauliwi. Metformini, kidonge cha wagonjwa wengi wa kisukari, chanzo chake ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Kemikali yake ilitengenezwa mwaka 1922; Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Ilichukua miaka 35.

Mgonjwa wa leo hawezi kungoja hivyo. Mtoto anayedungwa insulini asiachishwe hata siku moja kwa ajili ya majani, kwani aweza kufa kwa muda mfupi. Anayemeza glibenklamidi na kunywa omubirizi juu yake huenda akashukiwa na sukari kupita kiasi: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari nyingi upesi, kisha apelekwe zahanati, na mganga aambiwe waziwazi habari za majani.

Na pale pasipo jokofu, kichupa cha insulini kifungwe katika mfuko usioingiza maji, kiwekwe ndani ya chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa chenye maji, mahali penye kivuli na upepo. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni.