Picha Ile Ile, Macho Mengine: Sare na Filamu za Vita katika Kumbukumbu ya Forodhani

1.0 Utangulizi

Mtu anayesimama katika bustani ya Forodhani akaipa mgongo bahari huiona mbele yake historia ya Zanzibar imejipanga kwa safu: Ngome Kongwe upande wa kulia, Beit el Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, na Kasri upande wa kushoto. Mahali hapa padogo pamepitiwa na matukio mawili ya silaha ambayo yaliacha picha nyuma yake. La kwanza ni shambulio la manowari za Waingereza la tarehe 27 Agosti 1896. La pili ni Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo Sultani Jamshid bin Abdullah aliyakimbia kwa jahazi lake la kifalme.

Picha za tukio la kwanza huuzwa leo kwa watalii bila ya mtu yeyote kukunja uso. Picha za tukio la pili bado huwafanya watu washushe sauti. Mada hii inachunguza tofauti hiyo. Inaeleza jinsi mitazamo ya watu ilivyobadilika kuhusu taswira za vita katika mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja, yaani mavazi na filamu. Hoja ya msingi ni kwamba taswira yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni mahitaji ya wale wanaoitazama, na lugha wanayoitumia kuitaja.

2.0 Vita vya dakika thelathini na nane

Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia katika kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, mnamo saa tatu asubuhi, manowari zao zilianza kupiga mizinga. Kwa hesabu iliyozoeleka, mapigano yalikwisha kwa muda wa dakika 38. Wengine hutaja 40 au 45. Upande wa Khalid inakadiriwa kuwa watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Wapigapicha wa mjini hawakuchelewa. Majengo ya kasri yaliyobomolewa yalipigwa picha, na milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa bandarini, iliendelea kujitokeza juu ya maji kwa miaka mingi na kuonekana katika postikadi zilizosafirishwa Ulaya. Kwa mnunuzi wa wakati ule, picha hizo zilikuwa ni ushahidi wa nguvu za dola. Kwa mtalii wa leo ni kichekesho cha historia: vita vifupi kuliko vyote duniani. Katika mitazamo yote miwili, wale watu 500 hawamo. Majina yao hayasomwi, na kipimo cha tukio kimekuwa ni saa badala ya roho za watu.

Hapa ndipo linapopatikana fundisho la kwanza. Taswira ya vita inapopoa si lazima iwe imeeleweka. Huenda imepoa kwa sababu waliokuwa na uchungu nayo wamekwisha kufa.

3.0 Sare kama tamko

Neno "sare" katika Kiswahili lina maana ya kulingana. Wanawake wanaovaa kanga za aina moja arusini huvaa sare. Timu mbili zikifungana mabao sawa huwa zimetoka sare. Na askari naye huvaa sare. Maana iliyo chini ya matumizi yote haya ni moja: avaaye hujitangaza kuwa ni wa kundi fulani. Maneno yanayotaja nguo za kijeshi nayo yana safari yake. "Kaki" limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, likapitia Bara Hindi na majeshi ya Waingereza. "Gwanda" hapo zamani lilikuwa ni jina la kanzu fupi. Leo "magwanda" ni nguo za askari, au za wafuasi wa chama cha siasa wanaojifananisha na askari. "Kombati" limekuja karibuni kutoka Kiingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana kadhaa wa Kizanzibari walipata mafunzo nchini Kuba. Baadhi yao baadaye waliungana na Abdulrahman Babu katika chama cha Umma kilichoundwa mwaka 1963. Walirudi na ndevu, kofia za bereti na mavazi ya kijani kibichi, wakaitwa makomredi. Mapinduzi yalipotokea, mavazi hayo yalisomwa na watu wa nje kabla ya maneno ya wavaaji. Magazeti ya nchi za Magharibi yalieneza habari kwamba askari wa Kuba wamo Unguja. Hofu ya kuzaliwa kwa "Kuba ya Afrika" ilizidi katika miezi ile iliyotangulia Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Ni nadra kuona shati na ndevu zikiwa na uzito kiasi hicho katika diplomasia.

John Okello naye, kijana aliyezaliwa Uganda na kujitangaza Fildimasha, alijijenga kwa sauti ya redio na kwa picha zilizomwonesha akiwa na sare na silaha. Baada ya kuondoshwa nchini mwaka ule ule wa 1964, historia rasmi ilitanguliza Kamati ya Watu 14, na picha yake ikawekwa kando. Hivyo, hata ndani ya upande ulioshinda, palikuwa na sare iliyotakiwa ionekane na sare iliyotakiwa isahauliwe.

Dola iliyozaliwa na Mapinduzi ilizitazama nguo kwa jicho la ulinzi. Mwanahistoria Thomas Burgess, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002, ameonesha jinsi sinema, suruali pana za chini na nguo fupi za wanawake zilivyokuwa uwanja wa mvutano baina ya vijana na viongozi wa Zanzibar. Mavazi yaliyotoka katika filamu za kigeni yalihesabiwa kuwa ni dalili ya uvivu na utovu wa nidhamu. Kijana wa kimapinduzi alitakiwa avae kama mjenzi wa taifa.

4.0 Mitumba na kombati

Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, robota za mitumba zilianza kumiminika. Ndani yake zimo jaketi za majeshi ya Ulaya na Marekani, zikiwa na bendera begani na mabaka ya rangi za msituni. Zimo fulana za Ernesto Che Guevara, ambaye mwaka 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo akitokea Kigoma, ingawa wengi wanaomvaa kifuani hawaijui safari hiyo. Huweza kuwamo pia bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Nguo kama hiyo ikivaliwa katika mji uliokuwa na soko la watumwa huko Mkunazini, inakuwa imevuliwa maana yake njiani bila ya aliyeivaa kushauriwa.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Kwa mitumba ya kijeshi methali hiyo ina ukweli wa namna yake, kwani anayeivaa hubeba historia ya mtu mwengine. Kwa kijana, kombati ni nguo ngumu, ya bei nafuu na yenye haiba ya wasanii wa muziki. Kwa bibi aliyeyaona ya mwaka 1964, au kwa mtu aliyepitia misukosuko ya chaguzi zilizofuata kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992, nguo hiyo hiyo ni hatua za viatu mlangoni usiku.

Dola nayo ina usomaji wake. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, pamoja na kuwaonya wanaoyauza. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni ya usalama: wahalifu hujificha ndani ya mavazi hayo. Nchini Uganda, mwezi Septemba 2019, bereti nyekundu zilizokuwa alama ya wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine ziliorodheshwa kuwa mavazi ya jeshi. Katika nchi zote mbili swali ni lile lile la mwaka 1964: ni nani mwenye haki ya kuonekana kama askari?

5.0 Filamu iliyopigwa kutoka angani

Katika taswira zote za Mapinduzi, hakuna iliyozusha mjadala kuliko zile za *Africa Addio*, filamu ya Wataliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966. Watengenezaji hao waliruka juu ya Unguja kwa ndege mwezi Januari 1964. Kamera yao inaonesha misururu ya watu wakitembea, watu waliokusanywa penye makaburi, na maiti wametapakaa. Hakuna sauti ya aliye ardhini. Sauti pekee ni ya msimulizi, na anachokisimulia ni kwamba Mwafrika aliyeachwa na mkoloni hurudi katika ushenzi.

Filamu hiyo ilipata tuzo nchini Italia, lakini ilipingwa vikali kwengineko. Mwezi Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliyavuruga maonyesho yake katika sinema moja ya Berlin Magharibi hadi ikaondolewa. Mwaka 1967 mhakiki wa Kimarekani Roger Ebert aliishutumu kuwa ni ya kibaguzi na isiyo ya kweli. Kuhusu sehemu za Kongo, Jacopetti alichunguzwa na vyombo vya sheria vya Italia kwa tuhuma kwamba mauaji yalipangwa kwa ajili ya kamera, hakutiwa hatiani. Baadaye filamu ilikatwakatwa na kuuzwa Marekani kwa jina lenye kutangaza damu.

Kwa Wazanzibari wengi, filamu hiyo haikuonekana mpaka zilipofika kanda za video, kisha visahani vya dijitali, na hatimaye intaneti. Mtaalamu wa anthropolojia Marie-Aude Fouéré, aliyeichunguza katika makala ya mwaka 2016, ameeleza jinsi ilivyogeuka kuwa aina ya nyaraka katika visiwa ambamo nyaraka nyingine ni adimu. Mabadiliko haya yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kazi iliyotengenezwa ili kumdhalilisha Mwafrika imeokotwa na Waafrika wenyewe kuwa ni ushahidi wa jamaa zao waliopotea.

Watazamaji wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba hayo ndiyo yaliyotokea, na kwamba macho hayana pazia. Wapo wanaosema kuwa mkono wa mbaguzi hauwezi kutoa ukweli, na kwamba picha hizo ni za kutungwa. Mgawanyiko huo unafuata ule wa maneno: anayesema "mapinduzi" na anayesema "mavamizi" huitazama filamu moja lakini hawaoni jambo moja. Idadi ya waliouawa nayo hutofautiana kutoka mamia hadi zaidi ya elfu kumi, kwa kuwa haikufanyika hesabu iliyokubaliwa na pande zote.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kutenganisha picha na msimulizi wake. Picha iliyopigwa kutoka angani inaweza kuthibitisha kwamba watu walikufa mahali fulani. Haiwezi kueleza walikuwa ni nani, nani aliwaua na kwa amri ipi, wala chuki hiyo ilitoka wapi. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, amelifuatilia swali hilo la mwisho hadi kwenye maneno makali ya magazeti na mikutano ya miaka ya 1950. Maneno hayo hayamo katika filamu. Aliyeangalia filamu peke yake ataona matokeo bila ya sababu, na hilo ndilo walilolitaka watengenezaji wake.

6.0 Kusimulia upya kwa sauti ya nyumbani

Tangu mwaka 1998, Ngome Kongwe imekuwa ukumbi wa tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar. Kwa hiyo mkabala na Forodhani filamu huoneshwa hadharani, wala hazitazamwi tena kwa kificho tu. Mwaka 2021 ilitoka *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Inauhuisha mji wa miaka ya 1950 kwa mavazi yake, vichochoro vyake na harakati zake dhidi ya Mwingereza. Humo wahusika wana majina, wanapenda na wanaogopa, na wanazungumza Kiswahili. Tofauti yake na *Africa Addio* haimo katika umahiri wa kamera tu: kamera imeshuka kutoka angani ikaingia nyumbani.

Hata hivyo, riwaya na filamu hiyo zinahusu wakati uliotangulia Mapinduzi. Usiku wa tarehe 12 Januari na wiki zilizofuata bado unasubiri filamu ya nyumbani ya kiwango hicho. Maadamu haijapatikana, ile ya mwaka 1966 itaendelea kukalia kiti kisicho chake.

7.0 Hitimisho

Mada hii imeonesha kwamba mitazamo kuhusu taswira za vita haifuati njia moja iliyonyooka kutoka kuficha hadi kuonesha. Picha za mwaka 1896 zimekuwa bidhaa. Sare za makomredi zilikuwa fahari, zikawa tishio, kisha kombati ikawa mtindo, na sasa ni kosa la jinai. Filamu ya dharau imekuwa nyaraka ya msiba. Hapana budi kila taswira iulizwe maswali matatu: nani aliipiga au aliishona, nani anaisimulia, na nani ndani yake hana sauti.

Swali la tatu ndilo zito zaidi. Jamshid alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, na waliokuwa vijana mwaka 1964 sasa ni wazee wa miaka themanini. Wanaoweza kuitazama picha ile ya angani na kusema "yule ni ndugu yangu" wanapungua kila mwaka. Ushahidi wao usipoandikwa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa wangali hai, picha za Mapinduzi nazo zitapoa kama zilivyopoa za mwaka 1896, na kitakachobaki ni hesabu ya dakika.