Motokaa Kuukuu: Tuitengeneze au Tuibadili?

Katika miji iliyo kando ya barabara ya kusini, kama Bungu, Kibiti na Ikwiriri, liko swali moja linalowasumbua wafanyakazi wengi waliojaliwa kupata motokaa. Motokaa hiyo ilinunuliwa ikiwa imekwisha tumika Ujapani, ikatumika tena hapa kwetu miaka mingi, na sasa imeanza kudai. Mwezi huu rejeta, mwezi ujao klachi, na mwezi wa tatu fundi anatamka maneno ambayo kila mwenye motokaa huyaogopa: “Injini lazima ishushwe.” Hapo mwenyewe hujiuliza: Je, niitengeneze, au niiuze nitafute nyingine?

Hili si swali dogo. Kwa mtu wa mshahara, ukiiondoa nyumba, mara nyingi hakuna mali ya thamani kuliko motokaa. Akikosea, akiba ya miaka huteketea, karo ya watoto hukwama, au mshahara wake hufungwa na mkopo kwa muda mrefu. Hata hivyo uamuzi huu mzito aghalabu hukatwa kwa hasira, mtu akiwa amekwama njiani juani; au hukatwa kwa haya, kwa kuwa jirani amenunua gari linalong'aa. Hasira na haya hazijui hesabu. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Tuanze kwa kujifunza kwa ndugu zetu wa delta ya Rufiji. Huko Salale, Mbwera na vijiji vingine vilivyo katikati ya mikoko, chombo cha kazi si motokaa bali ni mtumbwi, ngalawa na mashua. Mwenye mashua hakitupi chombo chake kwa sababu ubao mmoja umeoza. Huung'oa akatia mwingine, akakitia kalafati, na chombo kikarudi majini. Taruma likivunjika hubadilishwa. Lakini fundi akigonga mkuku na kukuta umeoza toka mwanzo hata mwisho, husema wazi kwamba chombo kimekwisha, ingawa mbao za ubavuni bado ni nzima na tanga ni jipya. Kila mbao mpya atakayopigilia juu ya mkuku mbovu ni fedha iliyotupwa baharini.

Motokaa nayo ina mkuku wake, nao si injini kama wengi wanavyodhani. Ni chesisi, na kwa motokaa ndogo zisizokuwa na chesisi ya peke yake, ni bodi yenyewe: sakafu, nguzo, na mahali shokapu na vyuma vya magurudumu ya mbele vinaposhikwa. Injini huweza kushushwa na kupandishwa nyingine. Gia boksi vivyo hivyo. Lakini chesisi iliyoliwa na kutu haina dawa ya kudumu; hupigwa viraka, na kiraka hushika juu ya chuma ambacho nacho kinaoza.

Katika nchi yetu hii ya pwani kutu ni adui wa kila siku. Upepo wa bahari una chumvi. Matope ya masika hujibana chini ya gari, yakakaa na unyevu wiki nyingi. Na gari linalochukua samaki na kamba kutoka Nyamisati hudondokewa maji ya chumvi na barafu katika kila safari, nayo hupenya sakafuni. Kwa hiyo, kabla mtu hajauliza bei ya kutengeneza injini, alale chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Agonge. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hububujika vumbi jekundu, na bisibisi hutoboa. Akikuta matundu mahali pa kushikia magurudumu, basi shauri limekwisha: motokaa hiyo isitiwe fedha kubwa tena, kwa kuwa si mfuko tu ulio hatarini bali ni roho za watu.

Ikiwa mkuku ni mzima, sasa itazamwe injini, nayo itazamwe kwa kipimo, si kwa uvumi. Moshi wa buluu ni dalili ya kuchoma oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ni dalili kwamba imechanganyika na maji, na huenda gasketi imeungua. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta kuungua kupita kiasi, na mara nyingi ugonjwa wake si mkubwa. Kisha fundi apime nguvu ya mgandamizo katika kila silinda. Ikiwa silinda moja tu ni dhaifu, matengenezo yake hayafanani na ya injini ambayo silinda zote zimechoka. Wengi wamelipia injini nzima kwa ugonjwa wa gasketi moja, kwa sababu tu hawakudai kupimiwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Iko kanuni moja inayosemwa sana magereji: kwamba gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya thamani ya gari, liuzwe. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini hupotosha. Kitu cha kulinganisha si bei ya kutengeneza na bei ya gari bovu. Yafaa ulinganishe gharama ya kukaa na gari hilo miaka miwili ijayo, na gharama ya kukaa na gari jingine muda huo huo.

Tuchukue mfano. Tuseme motokaa yako ikiuzwa leo ilivyo mbovu itapata shilingi 3,000,000. Kuitengeneza ni 2,500,000, na matengenezo madogo ya miaka miwili ni 1,200,000. Baada ya miaka hiyo utaweza kuiuza 2,500,000. Umetumia, kwa jumla, 4,200,000. Gari jingine linauzwa 15,000,000. Matengenezo yake madogo ni 800,000. Na baada ya miaka miwili litauzika 11,000,000. Hapo umetumia 4,800,000. Ingawa bei ya kutengeneza imekaribia sana thamani ya gari bovu, bado kutengeneza ni nafuu.

Lakini tuseme katika muda huo gia boksi nayo ikafa, ikataka 1,500,000. Gharama ya gari la zamani inapanda kufika 5,700,000, na sasa kubadili kumekuwa nafuu. Tena tuseme fedha za kununulia gari jingine umekopa, na riba ya miaka miwili ni 2,400,000. Gharama ya kubadili inafika 7,200,000, na kutengeneza kunashinda tena, hata ukihesabu gia boksi.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Swali kubwa si ubovu wa leo bali ni ubovu utakaofuata, kwa hiyo fundi aulizwe hivi: “Ukimaliza hili, ni nini kitakachofuata?” Na fedha ya mkopo ni ghali kuliko inavyoonekana siku ya kuipokea. Mwenye gari la abiria au la mizigo aongeze jambo la tatu: siku za kulala gereji. Spea ikikosekana Kibiti hufuatwa Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya mia, na siku hizo hakuna mapato.

Wako wanaodhani kwamba kubadili ni kuyaaga matatizo. Kumbe gari litakalonunuliwa nalo ni kuukuu, ila ugonjwa wake haujajulikana. Ujapani ina sheria ya ukaguzi unaorudiwa kila miaka 2, baada ya ule wa kwanza wa mwaka wa 3. Kwa kuwa ukaguzi ni ghali, wenyeji huona afadhali kuuza, na magari hayo hutufikia. Mengi ni mazuri. Lakini saa ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, na rangi mpya huficha kutu. Gari lako unalijua magonjwa yake. Gari la mwenzako unaambiwa sifa zake.

Hata hivyo kutengeneza vizuri hakutoshi ikiwa kazi ya chombo imekwisha. Historia ya delta yenyewe inatupa ushahidi. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, iliharibika mitambo ikajificha katika mikono ya Rufiji. Sehemu za mitambo zilifunguliwa, zikaburutwa nchi kavu kwa jasho la Waafrika mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa katika karakana, zikarudishwa. Kazi ya mafundi ilifaulu. Lakini tangu mwisho wa Oktoba 1914 Waingereza walikuwa wameiziba midomo ya mto, na meli ile nzima haikuwa na mahali pa kwenda. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa hapo hapo. Ndipo Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10, wakaitumia nchi kavu.

Mwenye motokaa na ajiulize vivyo hivyo. Gari dogo la chini lilimfaa alipokuwa akipita lami tu, akivuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Ikiwa kazi yake sasa ni kupeleka bidhaa vijijini katika udongo mweusi wa masika, injini mpya haitalifanya gari hilo kuwa la kazi hiyo. Na kama mizinga ile, gari lililokufa lina viungo vyenye thamani: injini, gia boksi, milango, taa. Likiuzwa viungo huweza kuleta zaidi ya likiuzwa zima.

Liko onyo moja la mwisho. Katika mafuriko ya Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Motokaa iliyozama isiwashwe kamwe kabla ya kufunguliwa, maana maji yaliyo ndani ya silinda hayagandamiziki, na vyuma vya ndani hupinda. Ikiwa maji yalikuwa ya chumvi na yamefika kwenye nyaya, kuiuza viungo mara nyingi ni busara. Na anayenunua, anuse zulia na kuinua viti atazame matope.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa ulio katika msingi hauzibwi kwa chokaa. Basi, ndugu wafanyakazi, tazameni msingi kwanza, pimeni injini, andikeni hesabu ya miaka miwili kwenye karatasi, na ndipo muamue. Motokaa ni chombo cha kazi. Haifai kuihurumia kama mzazi, wala kuionea haya kama nguo iliyochakaa.