Twita ya Boksi la Besi Haichaguliwi kwa Wati

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, yaani E, hutetema mara 41 kwa sekunde. Panda hadi freti ya 24 ya uzi wa G, mwisho kabisa wa shingo kwenye besi zenye freti nyingi, utafika hezi 392 tu. Kwa hesabu hiyo fundi anayekuambia kwamba boksi la besi halihitaji twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, anaonekana kusema kweli. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969, boksi lake lilikuwa na spika nane za inchi 10 bila twita hata moja, na hadi leo wapo wanaolitafuta kwa udi na uvumba.

Hezi hizo 392, hata hivyo, ni sauti ya msingi peke yake. Juu yake zimo haramoniki, yaani sauti za juu zinazoambatana nayo, na humo ndimo tunamotambua mguso wa kidole, mlio wa chuma wa nyuzi mpya na kile kishindo cha dole gumba ambacho Larry Graham wa Marekani alikifanya kuwa mtindo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 kampuni kama SWR zilikuwa zikiuza maboksi ya besi yenye twita, kwa sababu wapigaji walitaka mambo hayo yasikike. Lakini angalia yanapoishia. Sehemu kubwa ya sauti yenye faida katika besi huwa imekwisha kwenye kilohezi 5 au 6. Zaidi ya hapo unasikia mchakacho wa amplifaya, kelele za pedali na vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Kwa hiyo twita inayojisifu kufika kilohezi 20 haikusaidii kitu. Swali la kumuuliza muuzaji ni inashuka hadi wapi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya tabia ya spika pana. Urefu wa wimbi ukikaribia upana wa koni, sauti huacha kusambaa na kuanza kwenda mbele tu, kama mwanga wa tochi. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, karibu sawa na koni ya spika ya inchi 15. Spika ya inchi 10 huanza kubana sauti yake kwenye hezi 1,600 hivi. Ndiyo maana mpiga besi aliyesimama pembeni ya boksi lake husikia mngurumo mtupu, huku walioketi mbele wakikwaruzwa masikio. Naye akiongeza trebo ili ajisikie, anawaumiza zaidi.

Pengo la kuziba, basi, liko kati ya hezi 1,000 na kilohezi 4. Sasa tazama kinachouzwa. Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, cha bei nafuu ni twita ya piezo, ile nyepesi isiyo na sumaku. Mafundi wanaipenda kwa kuwa unaiunganisha moja kwa moja bila krosova, kile kisaketi kinachogawa masafa kati ya spika: ukinzani wake kwenye sauti za chini ni mkubwa, hivyo besi haiiunguzi. Ukiitumia, weka rezista ya omu 20 hadi 30 mfululizo na kila moja, maana zipo amplifaya zisizopenda mzigo wa namna hiyo. Ila chini ya kilohezi 4 piezo haina nguvu ya maana. Unapata mngurumo wa wufa, ile spika pana, chini, mchakacho juu, na katikati patupu. Mimi siiweki kwenye boksi la besi.

Twita ya kuba ya spika za sebuleni ina sauti tamu, lakini hesabu inaikataa. Nyingi hutoa desibeli 89 hivi kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Wufa nzuri ya jukwaani hutoa 98. Tofauti ya desibeli 9 ni mara nane ya nguvu, kwa hiyo pale wufa inapokula wati 50, twita hiyo ingehitaji 400 ili ilingane nayo. Koili yake ingeungua wimbo haujafika kiitikio.

Hapo ndipo inapoingia drayva ya honi. Dayaframu yake husukuma hewa kwenye chumba chembamba kabla ya kuiachia kwenye honi, na mpangilio huo huipa desibeli 105 au zaidi. Yenye tundu la inchi 1 inatosha kabisa. Namba ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha usiijali sana, kwani nishati ya besi katika masafa hayo ni kidogo, na drayva ya wati 40 za kweli hufanya kazi miaka mingi. Soma badala yake masafa ya chini kabisa ya kukatia yanayopendekezwa na mtengenezaji. Ukipata inayoruhusu hezi 1,600 au 2,000 kwa krosova ya desibeli 12 kwa oktavu, umepata. Hakikisha pia kwamba honi inaingiana nayo, kwa kuwa nyingine hufungwa kwa skrubu ya kuzungusha na nyingine kwa bolti, na kwamba dayaframu ya akiba inapatikana. Siku moja utaihitaji.

Desibeli 105 au zaidi dhidi ya 98 maana yake ni kuipunguza. Kwa drayva ya omu 8, rezista ya omu 5.5 mfululizo na nyingine ya omu 3.7 sambamba na drayva hushusha desibeli 10. Chagua rezista zinazobeba wati za kutosha, au weka kipunguzi cha kuzungusha nyuma ya boksi, chenye kufika sifuri kwa siku unazotaka besi ya kizamani.

Krosova ya kapasita moja inashawishi kwa urahisi wake. Mikrofaradi 4.7 kwa omu 8 hukata kwenye hezi 4,200 hivi, kwa desibeli 6 tu kwa oktavu. Tatizo ni kwamba imekata juu mno, na pengo letu linabaki palepale. Ukiongeza mikrofaradi ili ushuke, sauti za chini zinavuja na kuitingisha dayaframu kupita kiasi. Ongeza koili, iwe desibeli 12. Kapasita ziwe za polipropilini, wala si zile zenye upande wa chanya na hasi. Ukimaliza, piga noti zilezile ukiwa umegeuza nyaya za twita, kisha uzirudishe. Upande unaojaza zaidi katikati ndio sahihi. Balbu ya gari ya volti 12 mfululizo na drayva ni kinga nzuri pia: ikiwa baridi karibu haizuii kitu, ikiwaka hupunguza nguvu.

Honi iwe moja, juu ya wufa, karibu na usawa wa masikio kadiri boksi linavyoruhusu. Mbili zikikaa ubavu kwa ubavu hufutiana baadhi ya sauti kadiri msikilizaji anavyosogea.

Kwa wufa ya inchi 12 au mbili za inchi 10, ningenunua drayva ya honi ya inchi 1 na kuikata kwenye kilohezi 2. Kwa wufa ya inchi 15, honi hiyo haiwezi kushuka hadi wufa inapoanza kubana sauti, kwa hiyo anza na spika ya kati ya inchi 6 ndani ya kijumba chake kilichozibwa, isisukumwe na hewa ya wufa, twita isubiri. Na anayepiga kwa vidole, nyuzi bapa, nyuma ya kwaya, asinunue twita yoyote. Fedha hiyo aiongeze kwenye wufa.