Mbolea kutoka hewani: je, lori la urea litaacha kupita Sherikat?

JUBA – Lori la mbolea linalotoka bandari ya Mombasa hupita Malaba na Elegu, likaingia Sudan Kusini kwa Nimule. Kisha hukata kilomita 192 za lami, likapita Sherikat kabla ya kuvuka Nile kuingia Juba mjini. Kila mpaka huongeza gharama kwenye mfuko.

Jambo la kushangaza ni kwamba kinachosafirishwa kimejaa hewani pale pale Sherikat. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni hiyo. Kwa nini basi tusiitengeneze hapa?

Tatizo ni kwamba atomu za naitrojeni hewani zimeshikana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na mimea haiwezi kuzitenganisha. Tangu mwaka 1913, viwanda hutumia njia ya Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch: naitrojeni na hidrojeni hupitishwa kwenye kichocheo cha chuma, katika joto la nyuzi 400 hadi 500 na kanieneo ya zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida. Hupatikana amonia, ambayo ndiyo hutengenezewa urea. Hidrojeni nyingi hutoka kwenye gesi asilia. Ndiyo maana bei ya gesi ilipopanda mwaka 2022, urea nayo ilipanda.

Hata hivyo, bakteria walio kwenye mizizi ya kunde na karanga huifanya kazi hiyo bila moto, kwa kutumia chuma na molibdeni. Wanakemia wamejaribu kuwaiga kwa kuizungushia atomu ya metali ya aina hiyo molekuli maalumu, ili iikamate naitrojeni na kuivunja.

Mwaka 2003 huko Marekani, Dmitry Yandulov na Richard Schrock walifaulu kwa molibdeni, katika joto la kawaida la chumbani. Lakini kila atomu ya metali ilitoa takriban molekuli 8 tu za amonia. Mwaka 2019, kundi la Yoshiaki Nishibayashi wa Tokyo lilifikisha 4,350, likitumia maji na kemikali iitwayo samari iodidi.

Hapa ndipo mfanyabiashara apige hesabu. Kilo 1 ya amonia kwa njia hiyo hula zaidi ya kilo 70 za samari iodidi. Kwa mfuko mmoja wa urea, hiyo ni karibu tani 2! Mpaka kemikali hiyo iweze kurejeshwa na kutumika tena kwa bei nafuu, hakuna biashara.

Ushindani wa karibu uko kwingine. Mwaka 2023, kampuni ya Talus iliweka mtambo mdogo wa amonia katika shamba la Kenya Nut nchini Kenya, ukitumia umeme wa jua kupata hidrojeni kutoka kwenye maji. Njia ni ile ile ya Haber, ila haihitaji gesi wala meli.

Kwa hiyo, msafirishaji asiogope habari za maabara. Aangalie bei ya gesi leo, na bei ya umeme wa jua kesho.