Tamthilia iliyofungua duka siku ya soko la jirani

Na Mwalimu Wetu, Mbale

Biashara asubuhi, jioni mahesabu, husema wenzetu wa sokoni. Msemo huo ungewafaa wakubwa wa televisheni ya NBC ya Marekani, ambao tarehe 27 Machi 1989 walianza kuonyesha tamthilia ya mchana iliyoitwa Generations. Walikuwa na bidhaa ambayo haijawahi kuuzwa katika soko lile. Hata hivyo hawakumaliza miaka miwili. Tarehe 25 Januari 1991 kipindi cha mwisho kilionyeshwa, duka likafungwa.

Msomaji anayevuka Malaba au Busia alfajiri na mzigo wake anaweza kuuliza, haya yananihusu nini? Yanamhusu. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, na ninyi mnaoishi kwa biashara ya mpakani, sote tumewahi kuona jambo hili: mtu analeta kitu kizuri, amekitengeneza kwa ajili ya watu wake hasa, na watu wake hawaji. Wanapita mbele ya mlango wake wakienda kwa yule waliyemzoea.

Kwanza niondoe utata wa jina. Iko Generations nyingine, ya Afrika Kusini, na pengine ndiyo uliyoisikia. Hiyo nitaifikia. Tuanze na ile ya Marekani, kwa sababu aliyeshindwa naye ana somo lake.

Bidhaa yenyewe

Michezo ya namna hii Wamarekani huiita michezo ya sabuni. Jina hilo lilitoka kwenye biashara. Katika miaka ya 1930 kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwa mbele, zilidhamini michezo ya redio ya mchana, kwa kuwa saa hizo akina mama walikuwa nyumbani wakifua na kupika. Mama alisikiliza mchezo, akasikia na tangazo la sabuni. Baadaye michezo ikahamia kwenye televisheni, ikawa inaonyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka baada ya mwaka.

Kwa kawaida familia zilizobeba hadithi hizo zilikuwa za Wazungu. Mtu mweusi aliingia kama muuguzi, askari au rafiki wa fulani. Sally Sussman, aliyebuni Generations, aliamua kwenda njia nyingine. Hadithi yake ilikuwa ya mji wa Chicago na familia mbili: akina Whitmore, ambao ni Wazungu, na akina Marshall, ambao ni weusi wenye biashara ya aiskrimu. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya mchana kuweka familia ya weusi katikati ya hadithi tangu siku ya kwanza. Waigizaji wake hawakuwa wa kubahatisha. Walikuwamo Taurean Blacque na Kristoff St. John, na Vivica A. Fox ambaye baadaye alipata jina kubwa katika filamu.

Soko la jirani

Masoko yetu ya vijijini hupeana siku. Huku Jumatatu, kule Alhamisi, ng'ambo ya mpaka Jumamosi. Mwenye akili hapangi soko jipya siku ileile ya soko kubwa la jirani, hata awe na nyanya nzuri namna gani.

NBC ilipanga hivyo hasa. Iliweka Generations saa sita na nusu mchana kwa saa za New York, saa ambayo CBS ilikuwa inaonyesha The Young and the Restless. Mchezo huo ulianza mwaka 1973, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ulikuwa unaongoza michezo yote ya mchana. Tena, na hapa ndipo penye kiini cha mambo, ulikuwa unapendwa mno na watazamaji weusi wenyewe. ABC nayo ilikuwa na mchezo wake, Loving, saa hiyohiyo. Kwa hiyo Generations haikwenda kwa watu wasio na mchezo. Ilikwenda kuwaomba watu wauache wa kwao.

Zaidi ya hayo, vituo vingi vya miji ya Marekani vina wenyewe. Mwenye kituo akiona saa ya mchana inafaa zaidi kwa habari za mji wake, anaweza kukataa kipindi anacholetewa. Baadhi walikataa. Mtazamaji wa mji kama huo hakuikataa Generations, hakuwahi kuiona.

Rimoti mkononi mwa nani?

Shangazi yangu alikimbilia Kenya pamoja nasi tulipotoka Jinja miaka ya 1980, kisha yeye akapata njia ya kwenda Marekani. Alifika Chicago, akapata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake. Leo ana duka la vitenge hapa Mbale, na nilipomuuliza kuhusu tamthilia hii alicheka kabla sijamaliza.

Bibi yule alikuwa mweusi, akasema, na mji ulioonyeshwa ulikuwa mji wake. Lakini saa ya mchezo ikifika, rimoti ilikuwa mkononi mwa bibi, na bibi alikuwa na watu wake katika The Young and the Restless. Alijua nani alimwacha nani mwaka gani. Alikuwa akiutazama na marehemu dada yake, na binti yake akipiga simu jioni walizungumza mambo ya mchezo kama wanaozungumza mambo ya majirani. Siku moja shangazi alijaribu kubadilisha. Bibi alitazama dakika chache, akauliza hawa ni wakina nani, akarudi kwa watu wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mchezo wa sabuni hurithiwa. Mama hutazama, binti hukaa karibu, miaka kumi baadaye binti anatazama na wa kwake. Tamthilia iliyoitwa Vizazi ilikuja bila kizazi kilichotangulia, ikashindana na mchezo ambao tayari ulikuwa na vizazi viwili sebuleni. Ilihitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mwenye kituo anayehesabu matangazo ya kila wiki hana.

Mlango wa jikoni

Iko na sababu ya ndani, ingawa hii ni maoni yangu. Bibi wa akina Marshall, Vivian Potter, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa akina Whitmore. Ni kweli ya historia, na mwandishi alikuwa na haki ya kuisema. Lakini familia ya weusi iliingia katika hadithi kupitia mlango wa jikoni wa Wazungu. Mtu anayetoka kupika jikoni kwa watu, kama shangazi, akiketi kupumzika huenda asipende kuonyeshwa jikoni tena.

Kristoff St. John hakukaa bila kazi. Mwaka huohuo wa 1991 alihamia The Young and the Restless, akaigiza Neil Winters mpaka alipofariki Februari 2019. Mshindani alimchukua fundi, na watazamaji walimpenda akiwa kule kwa karibu miaka 28. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba tatizo halikuwa watu kuchukia sura nyeusi kwenye kioo cha mchana.

Ile nyingine

Mfundi Vundla alikuwa mkimbizi kama sisi. Aliishi uhamishoni Marekani miaka mingi, akafanya kazi huko, akarudi Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuanzisha Generations yake. Jina ni lilelile, mpangilio ni mwingine kabisa. Iliwekwa saa mbili usiku, familia ikiwa imesharudi nyumbani. Iliwaonyesha weusi wakiwa wenye kampuni za matangazo ya biashara, wakigombana kwa mali yao wenyewe. Na walizungumza kama watu wa Johannesburg wanavyozungumza: Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiingereza katika kikao kimoja, maandishi ya tafsiri yakipita chini. Ilidumu zaidi ya miaka 20. Hata mwaka 2014, waigizaji 16 walipofukuzwa baada ya kugoma, ilirudi Desemba mwaka huo ikiitwa Generations: The Legacy.

Hapa kwetu

Nasema haya kwa sababu kila mara nasikia watu wa Jinja na Mbale wakitamani mchezo wa Kiswahili wa Uganda. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wengi wanadhani basi watazamaji wapo tayari wanasubiri.

Niliporudi Jinja na Kiswahili changu cha shule za Kenya, nilikizungumza ndani ya teksi na abiria wakanyamaza. Kwa wengi ilikuwa lugha ya askari wa kizuizini. Sokoni Mbale, hata hivyo, Kiswahili kilikuwa kinafanya kazi tangu asubuhi, kimechanganywa na Lugisu, Kiteso na Luganda, na hakuna aliyekiogopa kwa sababu kilikuwa kinapunguza bei. Mchezo utakaozungumza Kiswahili changu cha darasani utapata walimu. Utakaozungumza kile cha sokoni utapata soko.

Wenye vibanda vya video walilijua hili zamani. Filamu ya Kiingereza inaletwa, mtafsiri anashika kipaza sauti, anaisimulia upya kwa Luganda, anampa adui jina la mtaani, na kibanda kinajaa. Hakusubiri mtazamaji ajifunze Kiingereza. Alimfuata alipo.

Marekani ilingoja miaka 34. Tarehe 24 Februari 2025 CBS ilianza Beyond the Gates, yenye familia ya weusi matajiri katikati, iliyobuniwa na Michele Val Jean, ambaye alikuwa mmoja wa waandishi wa Generations. Safari hii iliwekwa saa nane mchana, kwenye mtandao uleule wa The Young and the Restless. Watazamaji hawakuombwa kuchagua.

Kwa hiyo ndugu uliyerudi na wazo lako, iwe ni mchezo wa redio, iwe ni duka la vipuri pale Iganga, kabla hujapaka rangi kibao uliza mambo matatu. Watu wangu wako wapi saa hiyo? Wananunua kwa nani sasa? Na je, nina akiba ya kungoja mpaka wanizoee? Kwamba bidhaa ni yao, hilo halitoshi.