Kasoro ya Kitambaa Itafutwe Hadi Kwenye Mizani

Kitambaa kinapotoka kwenye mashine ya kutia rangi kikiwa na madoadoa meupe, wa kwanza kulaumiwa ni mtia rangi. Mtia rangi humlaumu mfumaji, mfumaji humlaumu msokota nyuzi, naye msokota nyuzi hukilaumu kinu cha kuchambulia pamba. Mwishoni mwa msururu huo yupo mkulima, ambaye hayupo kiwandani kujitetea. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Lawama haiondoi doa. Chanzo cha doa hilo kinajulikana. Pamba ikivunwa na kuhifadhiwa katika viroba vya plastiki, vile vya mbolea na sukari, vijiuzi vya viroba huchanika na kuchanganyika nayo. Kinu hakiwezi kuvitenga vyote. Husokotwa, hufumwa, wala havionekani mpaka siku ya kutia rangi, kwa kuwa plastiki hiyo haishiki rangi inayoshika pamba. Hapo gharama zote za kusokota na kufuma zimekwisha kutumika.

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota ya Japani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama, kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa. Kwa nini ikazidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikuyavuta vya kutosha. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini imelika? Hakuna chujio, na vipande vya chuma vimeingia ndani. Anayebadilisha fyuzi tu atarudi kesho kuibadilisha tena.

Sisi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, inakolimwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, hatuna budi kuuliza vivyo hivyo. Kwa nini mkulima ametumia kiroba? Kwa sababu ndicho alichonacho. Kwa nini hana mfuko wa kitambaa cha pamba? Kwa sababu hakuna aliyempatia, na kuununua ni gharama isiyomrudishia kitu. Kwa nini haimrudishii? Kwa sababu kituoni pamba yake hupokewa kwa bei ile ile ya pamba chafu.

Hapo ndipo penye mzizi. Tangu zamani tunayo madaraja mawili, pamba safi na pamba fifi. Lakini mnunuzi anayeogopa kupitwa na mshindani wake akikusanya kila kinacholetwa bila kukikagua, madaraja hayo hubaki maneno matupu. Anayelipia uzito peke yake ataletewa uzito: maji yatakayoozesha pamba ndani ya robota, na mchanga utakaotafuna meno ya kinu.

Aidha, tusimwonee mkulima. Mizani iliyochezewa ni mwalimu mbaya. Aliyepunjwa mwaka huu hujilipiza kwa ndoo ya maji mwaka ujao. Dhambi ya mmoja haihalalishi ya mwingine, kwani mpunjaji ni mpunjaji, awe anauza au ananunua. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watu wa namna hiyo. Lakini anayetaka kukomesha maji sharti aanze na mizani.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, mifuko ya kitambaa cha pamba ifike vijijini kabla ya mavuno, si baada yake. Pili, pamba safi ilipwe zaidi, na tofauti hiyo ionekane katika stakabadhi ya mkulima. Tatu, kila robota liwe na alama ya chama cha msingi lilikotoka, ili kasoro ikionekana kiwandani habari irudi kijijini msimu huo huo, pamoja na afisa ugani wa kufundisha, na si karani wa kukata fedha tu. Nne, Wakala wa Vipimo akague mizani mbele ya wakulima wenyewe.

Kiwanda kinachorudisha shehena mbovu bila kueleza sababu kitaletewa ubovu huo huo msimu ujao. Viongozi wa ushirika, wenye vinu na wenye viwanda wakutane kabla ya msimu kufunguliwa, wakulima wakiwamo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.