Ukungu wa Chooni Hufuata Maji

Masika yakishika Dar es Salaam au Mombasa, nguo hazikauki, chumvi hulowa mezani, na chooni hutokea madoa meusi: kwenye kona za dari, katika mistari ya kati ya marumaru, nyuma ya tangi la kuflashi. Huo ni ukungu. Mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa macho, zimo hewani kila mahali. Mahali palipolowa pasipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu unaweza kuanza kuota.

Ndiyo maana watu husugua mpaka mikono ikauma, na baada ya muda mfupi weusi umerudi palepale. Doa limeondoka, maji yamebaki. Pengine valvu inavuja kidogokidogo, au tangi linatoka jasho kwa sababu hewa ya joto inagusa kuta zake zilizopozwa na maji baridi. Pengine dirisha limezibwa kabisa kwa kuogopa mbu, ilhali wavu ungetosha.

Doa lisilozidi mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulishughulikia mwenyewe. Kwenye marumaru na sinki la choo, sabuni, maji na brashi ngumu vinafaa, mkono ukiwa na glavu, pua imefunikwa barakoa, dirisha wazi. Kisha pakaushwe kwa kitambaa. Dari la jipsamu ni jambo jingine. Ukungu huzama ndani yake, kwa hiyo kipande kilicholiwa hukatwa na kubadilishwa.

Jiki nayo huua ukungu kwenye sehemu ngumu, lakini hapa pana hatari ya kweli. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala siki. Mchanganyiko huo hutoa klorini, gesi ileile iliyotumika kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Katika choo kidogo kisichopitisha hewa, mapafu huumia upesi.

Kuuvumilia ukungu nako kuna gharama, hasa kwa wenye pumu na watoto. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2, baada ya kuishi katika nyumba ya kupanga iliyojaa ukungu jikoni na bafuni. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Sheria yenye jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, inawabana wenye nyumba za kijamii nchini humo: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24.

Jibu la rangi wapangaji wengi wa kwetu wanalifahamu vizuri. Mwenye nyumba akimtuma mpaka rangi, mpangaji ana haki ya kuomba fundi bomba atangulie, akague valvu, mabomba na paa, ukuta ukauke, ndipo rangi ifuate.